Chupa Moja

Jumamosi hiyo asubuhi mchoraji wa majengo alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana, anapaka rangi kibao cha kituo chake, na roho yake kwatu. Kwa nini isiwe kwatu? Kituo cha kupumzikia waendesha baiskeli wa masafa marefu, katikati ya nyika isiyo na hata kibanda, na yeye ndiye aliyekichora kuanzia msingi hadi paa. Kuta za udongo ulioshindiliwa, paa pana la kukinga mvua, tangi la simenti la kuiweka mvua hiyo, taa za jua. Jenereta hakuna, takataka za plastiki hakuna. Watu wa ofisini walimcheka weee, sasa wamefyata ulimi. Jumatatu kingefunguliwa.

Shemeji yake akaingia kuchukua toroli. Huyu ni fundi mwashi aliyemuoa dada yake, mtu wa maneno machache na mluzi mwingi.

"Shemeji, lile tangi liko safi," alisema huku akitafuta toroli. "Jana nimelimwaga lote, nikalisugua. Mvua bado, lakini Jumatatu alfajiri boza la maji likija, wavute mpira mrefu wajaze tu."

Brashi ikasimama. "Umelimwaga? Umemwaga maji?"

"Si yalikuwa ya kuloweshea! Tangi jipya lazima lilowe, simenti iteme chokaa yake, ndipo umwage. Ungeyanywa yale? Mbona kwenye mchoro umeandika mwenyewe?"

Ni kweli aliandika mwenyewe. Lakini Alhamisi alipopita kukagua, alilibonyeza bomba, maji yakamrukia mikononi, na furaha ikamlevya akasahau kazi aliyosomea. Hata kuyaonja hakuyaonja. Alirudi nyumbani akajitapa mbele ya baba yake: "Baba, maji tele kule, ni kubonyeza tu!"

Na baba yake saa hiyo alikuwa njiani kwenda huko kwa baiskeli, akakione kabla ya wengine.

Mzee huyo wote humwita Spoku, kwa sababu ya miguu yake mikavu kama spoku za gurudumu, nayo ndiyo iliyompeleka mbali kuliko magari ya watu wengi. Maisha yake yote hatoki bila chupa nne za maji. Mkewe alipokuwa hai alikuwa akimtania kwamba anahamisha kisima. Usiku wa jana Spoku alisimama jikoni akatoa chupa tatu kwenye mkoba wa baiskeli, moja baada ya nyingine, akazipanga mezani.

"Binti yangu kasema maji yapo," alisema. "Nibebe mzigo wa nini?"

Binti akacheka kwa raha. Asubuhi alizikuta chupa zile mezani, akazisogeza ili apate pa kuweka kikombe chake. Lo! Alipozikumbuka sasa pale karakana, aliitupa brashi.

"Washa gari," alimwambia shemeji.

"Kuna nini?"

"Baba yuko kule na chupa moja!"

Fundi aliuacha mluzi wake papo hapo. Wakajaza madumu mawili, wakatoka mbio hata mlango wa karakana hawakuufunga. Simu ya mzee haikupatikana, na isingepatikana, nyika ile mtandao hakuna. Jua lilikuwa limeshapanda. Dashibodi ilichoma mkono.

"Pengine amekutana na watu," fundi alijaribu.

"Watu gani? Njia yenyewe haijafunguliwa! Na wewe ulishindwa nini kuniambia mapema?"

Fundi akazidi kukanyaga mafuta. Alijua anaonewa, na aliyemwonea alijua pia, lakini samahani hakuomba.

Walipoiacha barabara kuu wakafika kwenye nguzo. Ah, nguzo zile! Nguzo za zege zilizosimikwa ili gari lolote lisikanyage njia ya baiskeli. Mchoraji ndiye aliyezipigania mkutano baada ya mkutano, mpaka wakubwa wakachoka wakampa. Fundi alishuka akazitazama kama mtu anayefikiria kuzing'oa kwa mikono.

"Nilisema tuweke moja ya kufungua," alisema.

"Si sasa, shemeji!"

Kila mmoja akabeba dumu lake wakakimbia. Dumu likawa linampiga mchoraji pajani kila hatua, viatu vinazama mchangani, naye anaomba kwa sauti bila aibu. Paa likachomoza nyuma ya kilima. Kisha baiskeli, imeegeshwa vizuri mahali pake. Mtu hakuonekana.

"Baba! Baba!"

Mabenchi yalikuwa matupu. Alizunguka nyuma, na hapo akamwona: Spoku ameketi ameegemea tangi, kofia imeanguka, midomo imepasuka, na mkono mmoja umeishikilia chupa chini ya bomba, imekingwa.

Mchoraji alidhani ameshamuua baba yake. Alimwagia maji kichwani na kifuani mpaka fundi akamnyang'anya dumu.

"Taratibu. Kidogo kidogo mdomoni, asinywe kwa pupa."

Wakamnywesha kwa kifuniko cha chupa. Kilipita kitambo kirefu sana. Halafu mzee akakohoa, akafumbua macho, akamtafuta binti yake.

"Mama," alisema, sauti imekauka, "bomba lako hili linataka vijana. Nimelibonyeza kwa kidole, kwa kiganja, nikalibonyeza kwa goti. Limenishinda."

"Kwa nini hukurudi barabarani, baba? Ungepata gari."

"Nirudi, na maji haya hapa mgongoni?"

Mchoraji akapiga magoti mchangani. Angeweza kusingizia bomba, mzee angeamini.

"Baba, tangi halina kitu. Bomba halina kosa. Nimekosea mimi."

Spoku alimtazama. Akaigeuza mikono yake, akaitazama nayo, wa kulia kisha wa kushoto.

"Kumbe," alisema. "Mie nikajua mikono ndiyo imekwisha."

Binti akaangua kilio, naye mzee akambembeleza kwa mikono hiyo hiyo.

Jumatatu kituo kilifunguliwa, tangi limejaa mpaka juu, wakubwa wakapiga makofi na kunywa kwa zamu. Spoku alikataa katakata kupakiwa garini, akasimama kando ya nguzo na baiskeli yake, tayari kuifuata njia hadi kituoni. Mkobani alikuwa na chupa nne, zote zimejaa. Binti yake ndiye aliyemjazia asubuhi ile jikoni, na safari hii hakuna aliyemtania mwenzake.