Juzuu Mbili za Bi Saada

Tangu alipoinuka kwenye msala wa alfajiri, Bi Saada hakukaa. Alitandika mkeka ukumbini, akauona umekwenda upande, akaukunja, akautandika tena. Akafagia ua uliokwisha kufagiwa. Akaonja halwa, akaifunika, akaifunua kutazama kama ameifunika vizuri. Injini za boti za kutoka kisiwa cha Kudha zilisikika zikiingia bandarini Kismayo, na kila moja iliponguruma yeye alishtuka, kana kwamba imemletea wageni kabla ya wakati.

Wageni walikuwa waje alasiri. Ilikuwa arobaini ya Bibi Khamisa, mwalimu wao, aliyewasomesha Kurani wanawake wa mtaa ule kabla ya vita, akawasomesha kambini Kenya walikokimbilia, akarudi nao akawasomesha tena. Khitma yake ilikwisha gawanywa: juzuu thelathini, vitabu vyembamba vya jalada la kijani, kila mwanamke na fungu lake la kusoma kwake. Siku yenyewe kila mmoja hurudisha vyake sandukuni na kusema "tayari". Thelathini zikitimia, huombwa dua. Zisipotimia, hakuna khitma.

Mgawaji alikuwa Bi Saada, maana ndiye aliyeishika darsa tangu Bibi alipougua. Wenzake aliwapa mbili mbili, tatu tatu. Yeye akajiwekea tano. Tatu alizisoma. Mbili, ya kumi na nane na ya kumi na tisa, zilikuwa bado juu ya kabati, hata hazijafunguliwa.

Si uvivu. Jicho la kushoto lilikwisha ingia mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa linamfuata mwenziwe. Akizikazia macho, herufi zilimtembea kama siafu waliovunjiwa safu. Na hilo hakumwambia mtu. Wiki iliyopita Hodan, mkwe wa jirani yake Zuleikha, msichana wa Kisomali aliyeingia darsani mwaka juzi tu, alimwona amekishika kitabu karibu na pua. Akamwambia taratibu, "Mama Saada, nikupunguzie moja?"

"Wewe? Mimi niliyekushika kidole kwenye alifu, leo unipunguzie mimi?"

Hodan akainamisha macho. Jibu lile Bi Saada alikuwa nalo mpaka leo, kama mwiba wa samaki uliokwama kooni.

Saa tano akaifungua ya kumi na nane hapo dirishani penye mwanga. Mistari miwili, machozi yakamchuruzika. Akatawadha, akasali rakaa mbili, akamwomba Mola amwonyeshe njia. Akangoja. Kilichokuja ni harufu ya vitunguu kutoka jikoni na fikira moja mbaya: vitabu hurudishwa vimefungwa, nani atauliza? Neno lenyewe ni moja tu. Akasali tena, akiomba fikira ile imtoke. Akainuka nayo vilevile.

Baada ya alasiri ukumbi ulijaa mabuibui. Zuleikha aliingia na chetezo mkononi, moshi wa udi ukimtangulia.

"Saada, mbona wazunguka hivyo? Mkeka wenyewe umeuchosha. Kaa, mchu wee, mtu gani usiyetulia!"

"Nitakaa."

"Lini? Tukishakwenda zetu?"

Simu ya Hodan iliegemezwa kwenye marfaa ya kuwekea msahafu, na Layla, mwenzao wa darsa aliyebaki Mombasa, akawasalimu kwa sauti iliyopasua masikio. Yeye alipewa juzuu mbili, akazisomea msahafu wake huko huko.

Bi Saada akafungua sanduku. Mmoja mmoja wakaja. Tayari. Tayari. Zuleikha akatumbukiza vyake haraka haraka, tayari. Layla akaitikia kwenye simu, tayari. Hodan alirudisha viwili, akasema lake kwa sauti ndogo.

Ikabaki zamu yake. Aliinama kuvipanga vitano vile, na mkono ukagusa kitu chini kabisa ya sanduku. Kijiti cha mkoko, laini kwa kushikwa. Kijiti cha Bibi cha kuonyeshea mstari.

Bibi hakufungua darsa hata siku moja bila ya kwanza kuwaambia, "Wekeni." Kuweka ni kila mtu kutaja alichoshindwa tangu walipoachana, na mwalimu ndiye aliyekuwa akianza. Siku moja kambini aliweka kwamba sura aliyoisomesha miaka thelathini imemtoka, akamwomba Saada amshikie kitabu. "Anayefundisha ni Mwenyezi Mungu," alisema. "Mimi nimeshika kijiti tu." Saada alipoishika darsa alikuondoa kule kuweka. Aliona kunakula wakati.

Wanawake, walipoona vitano vile vimeingia, walikwisha inua mikono wakingoja dua. Bi Saada naye akainua yake.

Akaishusha. Akavitoa sandukuni vitabu viwili, akaviweka juu ya mkeka mbele ya watu wote.

"Naweka," alisema. "Hizi sijazisoma. Macho yangu yamekwisha, nikaona haya kusema."

Mikono ikashuka mmoja mmoja.

"Ya Rabbi!" Zuleikha akapiga paja. "Nami nalijidhani ni mimi peke yangu! Ya ishirini na mbili nimefika nusu."

"Zuleikha! Si umesema tayari?"

"Nalikuwa tayari kurudisha!"

Mtu akacheka, akajizuia. Hapo simu nayo ikadakia, "Jamani, mwanisikia? Hata mimi, ile ya pili... watoto walishikwa na homa..." Kicheko sasa hakikuzuilika.

Bi Saada hakucheka. Alikuwa akimtazama Hodan.

"Mwanangu, nilikujibu vibaya siku ile. Nisamehe. Nisomee."

Akampa kitabu, na kijiti juu yake. Kingine kikachukuliwa na mama mwingine wa darsa. Zuleikha alisukumwa pembeni na nusu yake, na Layla akaambiwa asikate simu mpaka amalize. Sauti nne zikaanza pamoja, kila moja na mwendo wake. Bi Saada alikaa, kwa mara ya kwanza siku ile, goti lake likigusa la Hodan, macho ameyafumba.

Ukurasa wa tatu akamgusa mkono. "Rudi. Umeruka mstari."

Hodan akarudisha kijiti nyuma. Kweli, ulikuwapo.

Dua ilikwisha wakati mwadhini anaanza maghribi. Kahawa ilikwisha poa, ikabidi irudi motoni.

"Na darsani Alhamisi ijayo," Zuleikha akauliza akitafuta viatu vyake, "nani ataanza kuweka?"

"Mimi," alisema Bi Saada. "Wewe jitayarishe. Yako marefu."