Mdogo Ndiye Anayeanza

Luteni alikuwa na nyota mbili begani na aliitaka ya tatu kwa kufa na kupona. Nalisema hili mapema ili msije mkamwonea huruma bure. Hakuwa mtu mbaya, hapana. Wabaya tunawajua, na ukiwajua unawakwepa. Huyu alikuwa mwoga tu, na uoga wake ulivaa magwanda yaliyopigwa pasi vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeushtukia.

Alipoteuliwa kuwa mjumbe wa mahakama ya kijeshi, alifurahi mpaka akasahau kuuliza ni nani anayeshtakiwa. Wajumbe walikuwa watano: kanali, ambaye ndiye mwenyekiti, mameja wawili, kapteni mmoja, na yeye mkiani. Alipoambiwa mshtakiwa ni nani, furaha hiyo ikamwisha. Alikuwa Baba Kwata.

Baba Kwata ni sajenti aliyemfundisha kazi alipokuwa kuruta, na jina hilo makuruta walimpa kwa sababu ya gwaride lake lisilo na huruma. Lakini luteni enzi hizo alikuwa kijana dhaifu, kifua kama cha kuku, akianguka juani kila wiki. Wenzake walimcheka, wakufunzi wengine walitaka arudishwe kwao. Baba Kwata ndiye aliyekataa. Jioni alimchukua hadi nyumbani kwake, mkewe akampa uji na maneno matamu, na asubuhi akamkimbiza tena. Mke huyo makuruta wote walimwita mama, ila luteni alimwita hivyo kwa moyo. Sare yake ya kuhitimu, mama ndiye aliyempunguzia kiuno.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Mchana mmoja Baba Kwata alikuwa lindoni kwenye ghala la silaha na askari kijana. Kijana yule akaumwa na nyoka. Simu ya lindo ilikuwa imekufa tangu zamani, na kila mtu kambini alilijua hilo. Sajenti alimbeba kijana mgongoni, akakimbia naye hadi zahanati, na ghala likabaki bila mlinzi. Kijana alipona. Ghalani haukupotea hata msumari. Lakini mkaguzi kutoka makao makuu, kwa bahati mbaya iliyoje, alifika pale wakati huohuo akakuta pamejaa upepo mtupu. Kuacha lindo bila kupokewa, jeshini, ni kosa linaloweza kumtoa mtu kazini na kumpeleka jela moja kwa moja.

Mahakama ilikaa katika bwalo la maafisa. Meza za kulia ziliunganishwa zikafunikwa mablanketi ya kijivu, na sakafu bado ilinuka mafuta ya taa waliyopigia deki. Baba Kwata aliingizwa bila kofia na bila mkanda, maana ndivyo mshtakiwa anavyosimama mbele ya mahakama hiyo. Mtu aliyekuwa akivaa mkanda ule maisha yake yote, suruali ilimpwaya akawa kama amevaa ya kaka yake.

Kabla ya kiapo, mshtakiwa huulizwa kama ana pingamizi na mjumbe yeyote. Ukimkataa kwa sababu ya maana, anatolewa. Sajenti aliwapitia kwa macho mmoja mmoja. Alipofika kwa luteni uso ukamchangamka, jamani, mpaka mtetezi wake akaona haya.

"Sina pingamizi, afande," alisema. "Nimeridhika na wote."

Wakaapa. Waliapa kuhukumu kwa haki, na waliapa kwamba hakuna atakayesema, si leo si kesho, yeye au mwenzake alipiga kura gani.

Kesi haikuwa na mengi. Mwendesha mashtaka alimbana sajenti kwamba angepuliza filimbi na kusubiri msaada, lindo lisingeachwa. Sajenti alijibu kwamba alipuliza, akangoja, akapuliza tena, na kijana alipoanza kutokwa povu akaona hakuna wa kuja. Aliulizwa kama alijua anavunja sheria. Akasema alijua. Hakulia wala hakujieleza sana. Alisimama wima kama anayekagua gwaride.

Basi watu wote wakatolewa nje, wajumbe wakabaki na mshauri wa sheria, ambaye hapigi kura, kazi yake ni kueleza tu. Aliwaambia kwa lugha nyepesi: wakiona mtu huyu hakuwa na njia nyingine, wamwachie. Wakiona alikuwa nayo, ana hatia. Kisha naye akaondoka.

Kanali akavua miwani, akaifuta. "Mdogo ndiye anayeanza," alisema. "Sheria inataka hivyo, ili sisi wakubwa tusimtie woga."

Sheria nzuri kweli. Aliyeitunga alidhani mtu mdogo akitangulia kusema atasema la moyoni mwake. Hakumjua luteni wetu.

Luteni alikuwa ameshapiga hesabu zake. Asubuhi ile kwenye chai kanali alilalamika kwamba siku hizi jeshi limelegea, na luteni aliyanyaka maneno yale kama amri. Tena kambi nzima ilijua nani alimlea. Akisema mtu huyu hana hatia, watasema kijana wa Baba Kwata amelipa fadhila, na nyota yake itaota mbawa. Halafu akajiambia jambo la kijanja, akalipenda: wao ni wanne, mimi mmoja. Wakitaka kumwachia, watamwachia bila mimi. Kura yangu haitamdhuru mzee wa watu, ila mimi itanionyesha kuwa mtu wa msimamo. Mama yule atampata mumewe, nami nitaipata nyota yangu. Akajikaza kisabuni.

"Ana hatia," akasema.

Kapteni alimgeukia, akamtazama kwa muda. Kisha akakohoa, naye akasema ana hatia. Meja wa kwanza akainamisha kichwa, ana hatia. Wa pili vilevile. Kanali akamalizia: ana hatia, kwa kauli moja.

Ikaja zamu ya adhabu, na mdogo akaanza tena. Hapo ndipo angeweza kusema karipio, au kushushwa cheo, mambo yaishe. Lakini mtu aliyeanza kwa ukali anageukaje? Akasema jela, na kufukuzwa kwa aibu. Wenzake wakaongeza huku na kupunguza kule, ikatoka miaka mitano jela na kufukuzwa jeshini kwa aibu, bila kiinua mgongo. Sajenti aliposomewa alijibu "Ndiyo, afande," kwa sauti ileile ya gwarideni.

Baadaye wajumbe walikunywa chai wakiwa peke yao. Kanali hakuigusa yake. Alimsogelea luteni akamwambia taratibu kwamba yeye aliingia mle ndani akiwa na nia ya kumwachia yule mzee. Kapteni akasema hata yeye. Meja mmoja akanung'unika kwamba wote walikuwa hivyo.

"Lakini ulipoanza wewe," kanali alisema, "wewe uliyelelewa naye, nikajua lipo jambo unalolijua kuhusu mtu huyu ambalo sisi hatulijui. Nikakuamini."

Kisha akamfungulia mlango, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Alimkumbusha kwamba hukumu bado haijathibitishwa na mkuu wa juu, na wajumbe wanaweza kupeleka maombi ya huruma pamoja nayo. Aandike yeye mistari miwili tu, wao watatia saini chini yake bila kuuliza. Luteni alimwona kanali akimtazama, akawaza kwamba huu labda ni mtego, wanapima kama ni mtu wa kuyumba. Akasema hukumu ni hukumu, afande. Kanali akakiinua kikombe chake, akanywa chai iliyopoa.

Hukumu ikathibitishwa kama ilivyo. Kufukuzwa kwa aibu kunafanyika mbele ya kikosi kizima, na afisa hukata tepe za cheo kwenye mikono ya shati la mtu kwa wembe. Kanali aliagiza kazi hiyo aifanye luteni, maana amejionyesha kuwa mtu wa msimamo. Hakutabasamu alipolisema.

Jua lilikuwa kali. Kikosi kilipangwa pande tatu, na ng'ambo ya seng'enge alisimama mama na mabegi yake, kwa kuwa nyumba ya jeshi alishaambiwa aiache kabla ya mchana. Ngoma ilipigwa polepole. Luteni alisimama mbele ya Baba Kwata, akaushika mkono wa shati, akausimamisha wembe wima juu ya uzi.

Sajenti alisema bila kutikisa midomo, kwa ule ufundi wa wakufunzi wa kwata wa kumwonya kuruta bila kusikika na wengine.

"Ulaze wembe, afande. Utajikata."

Luteni akaulaza. Uzi wa kwanza ukakatika.

"Najua hamruhusiwi kusema," sajenti aliendelea, macho mbele, "lakini mimi si mtoto. Mke wangu nimemwambia. Nimemwambia wale wanne waliniamulia zamani, ni wewe peke yako uliyenipigania mle ndani. Bila wewe ingekuwa miaka kumi." Akavuta pumzi. "Amesema hata akilala njaa, atakuombea kila siku. Mtazame, anakupungia."

Luteni aligeuza macho. Mama alikuwa ameinua mkono juu ya seng'enge, leso yake imelowa machozi, anampungia mwanawe.

Kiapo kilimkataza kusema alivyopiga kura. Kwa mara ya kwanza alikipenda kiapo kile. Akang'oa utepe wa mwisho wa mkono ule, ukaanguka vumbini.

"Nilijitahidi, mzee," akasema, akahamia mkono wa pili.