Jicho la Mama Félicité

Arlette, karani wa kliniki moja ya macho pale Bunia, hakuwa na raha tangu jana. Kesho madaktari wangeanza kupasua wenye mtoto wa jicho, na kila mgonjwa alipaswa kubandikwa plasta juu ya jicho la kupasuliwa. Faili moja ilikuwa na majina na namba za simu. Ya pili, majibu ya vipimo, nayo kwa namba za simu, maana majina humo yaliandikwa kila moja kwa tahajia yake. Kazi yake ilikuwa kuzioanisha. Ile formula ya Excel ya kutafuta namba na kuleta jibu lake, RECHERCHEV, ilikuwa imemtesa vya kutosha: mistari elfu kadhaa, kompyuta inaganda, naye amekaa kama anayesubiri maharagwe yaive.

Basi Emery, mwenzake wa ofisi, bingwa wa maneno, akamwandikia programu fupi ya kuzioanisha, skripti ya Python. Akabonyeza. Arlette hakuwahi hata kuinua kikombe cha chai.

"Imeisha?"

"Imeisha, mama. Weye ulikuwa unaenda na miguu, mi nimekupandisha pikipiki."

Furaha ile haikufika mbali. Kwa woga wake wa kawaida, Arlette alilinganisha majibu mapya na yale machache ambayo Excel ilikuwa imetoa jana. Mama Félicité wa mtaa wa Nyakasanza: jana, jicho la kulia. Leo, la kushoto. Na asubuhi hiyo alikuwa amembandika plasta kwa mkono wake, juu ya jicho la kulia.

"Skripti haikosake," Emery akasema.

"Na Excel?"

"Excel nayo haikosake."

"Sasa mutu mumoja anapata namna gani majibu mbili?"

Emery akabonyeza tena; likatoka lile lile la kushoto. Arlette alitamani kumcheka, ila yeye mwenyewe kichwa kilikuwa kinamzunguka. Akaenda wodini.

Mama Félicité alikuwa kitandani, anakula ndizi.

"Mama, daktari alisema ni jicho gani iko na shida?"

"Mwanangu, alisema na Kifaransa. Nikamujibu ndiyo."

"Na hii namba ya simu ni yako?"

"Mi niko na simu wapi? Ni ya Hubert. Siye wote mu parcelle, mu hii kiwanja yetu moja, tunapeanaka ya Hubert. Bakimuita, anatuita."

Arlette alirudi ofisini mbio, akamtaka Emery atafute namba ya Hubert kwenye faili ya majibu, mstari kwa mstari. Ikatokea mara nne, majirani wanne. Excel ilimshika wa kwanza, ikaridhika. Skripti iliwapitia wote, kila mmoja akimfuta aliyemtangulia, akabaki wa mwisho. Mama Félicité alikuwa katikati, na majibu yake hayakuwa kulia wala kushoto: asipasuliwe kwanza, sukari iko juu sana.

Arlette alirudi wodini, akambandua plasta, akamweleza. Mama alisikiliza kwa makini.

"Kumbe. Mulimurudisha Gracieuse vile vile mwaka jana, muke ya Hubert. Mulisema karatasi inakatala kumupasua. Mupaka leo banamushika mukono akienda choo."

Arlette akarudi ofisini. Mwaka jana walitumia formula ile ile. Wakati ule hapakuwa na skripti ya kupingana nayo, kwa hiyo hakuna aliyeiuliza kitu. Akafungua faili ya zamani ya majibu, akatafuta, safari hii kwa jina. Gracieuse: apasuliwe, macho yote mawili. Juu yake, kwa namba ile ile, palikuwa na jirani wa kurudishwa nyumbani.

Aliona aibu kali. Hakujua angeanzia wapi, lakini alichukua simu, akapiga namba aliyokwisha kuijua kwa kichwa. Ikaita kidogo tu.

"Allô," Hubert akasema, kwa upole wa mtu aliyezoea. "Unatafuta nani? Siye tuko wengi hapa."