Uchunguzi wa Tumbo la Kamishna

Mara ya tatu Kamishna alipotapika, alitapikia shela la bibi harusi.

Shela lilikuwa limetandazwa juu ya kiti cha chumba cha mbele, likisubiri kumaliziwa shanga za pembeni. Fundi cherehani, mwenye chumba na mwenye dhamana ya shela, alilinyanyua kwa ncha za vidole viwili. Akalitazama, akamtazama mbwa, kisha akamtazama mumewe, na huyo wa mwisho ndiye aliyetazamwa kwa muda mrefu zaidi.

"Mpeleke kwa daktari," alisema.

"Nitalishughulikia."

"Sijasema ulishughulikie. Nimesema mpeleke kwa daktari."

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Sajenti, aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni alikuwa ameshafungua jalada.

Miaka thelathini na moja Sajenti alikuwa askari wa barabarani. Alisimama kwenye makutano, filimbi mdomoni, mkono mmoja juu, akimeza moshi wa malori. Kazi hiyo aliifanya vizuri bila kuipenda hata siku moja. Alichokitaka ni upelelezi. Mara nne aliomba ahamishiwe huko, na mara nne akajibiwa kwamba hakuna mtu anayesimamisha malori kama yeye. Akastaafu na cheti cha shukrani, maumivu ya visigino, na hamu yake ile ile ambayo haijaguswa. Wiki hiyo hiyo akachukua mtoto wa mbwa na kumwita Kamishna, kwa sababu ambayo hakuwahi kuificha: alitaka, walau mara moja maishani, amwambie kamishna akae chini na kamishna atii.

Kamishna alikuwa mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililokata tamaa. Mwezi uliopita aliokota kitu kilichooza jalalani, akahara na kutapika. Hilo halikuwa na siri. Sajenti alimpa dawa aliyojifunza kwa marehemu mama yake, na baada ya siku kadhaa mbwa akawa mzima. Haikupita muda tumbo likavurugika tena. Akapewa dawa, akaonekana kupona, akaugua. Ikawa ndiyo mtindo: leo anafukuza kuku, kesho amejikunja kwenye kona, macho yamemlegea, na Sajenti anapiga deki.

Kwa hiyo, badala ya kwenda kwa daktari, Sajenti alinunua daftari. Kila kilichoingia mdomoni mwa Kamishna kiliandikwa, na saa yake pembeni. Kwenye mlango wa jikoni akabandika karatasi: HAIRUHUSIWI KUMPA MBWA CHAKULA BILA KIBALI. Mkewe aliisoma, akauliza kibali kinatolewa na ofisi gani, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Baada ya hapo yakaja mahojiano. Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mama mkwe wake, aliyehamia kwao tangu magoti yalipomgomea. Alimkuta uani anachambua maharage, akavuta kigoda na kufungua daftari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Si umeshaniamkia asubuhi?"

"Ile ilikuwa ya nyumbani. Hii ni ya kazi." Akalamba kidole, akageuza ukurasa. "Jumatano iliyopita, kati ya saa sita na saa kumi, ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa ninapokaa, mwanangu. Magoti haya yangenipeleka wapi pengine?"

"Kuna mtu anayeweza kuthibitisha?"

Mama mkwe alimwonyesha kwa kidevu Kamishna, aliyekuwa amelala miguuni pake. "Muulize huyu. Alikuwepo."

Sajenti akaandika: *Shahidi ana uhusiano wa karibu na mtuhumiwa.*

Baada ya wiki mbili daftari likaanza kumlipa. Aligundua kwamba tumbo lilivurugika karibu kila Jumatano na kila Jumapili. Alipoiona ile safu ya tarehe, mwili ulimsisimka. Maana Jumatano na Jumapili ndizo siku ambazo bucha la ng'ambo ya barabara lilipokea nyama mpya, na muuza nyama wake alikuwa mtu wa kutupa mifupa hovyo.

Jumatano iliyofuata Sajenti alijibanza kwenye kibaraza cha fundi viatu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Hakudumu sana katika maficho. Magari yalipunguza mwendo kila yalipomkaribia, kwa woga waliouzoea madereva wa njia ile, mpaka foleni ikafika kwenye kona. Ilipofika saa nne muuza nyama akamtumia kiti. "Sajenti, kaa," alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Umesimama tangu asubuhi."

Alikaa, akaendelea kupeleleza. Saa tano na nusu mfupa uliruka kutoka mlangoni mwa bucha. Sajenti akavuka barabara bila kutazama huku wala huku, jambo ambalo katika ujana wake angewaandikia watu faini kwalo.

"Umemtupia nani mfupa?"

"Paka wangu," alisema muuza nyama. Paka alikuwa hapo hapo, anauguguna.

"Na Jumapili? Mbwa wangu hutapika kila ukipokea nyama."

Wateja watatu waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Muuza nyama aliweka kisu chini polepole. "Mimi ninauza nyama mwaka wa kumi na tisa. Leo unaingia kwangu, mbele za watu, kusema nyama yangu inatapisha mbwa?"

"Sijasema. Nimeuliza."

"Basi kaulizie bucha jingine."

Tangu siku hiyo nyumba ya Sajenti ikala maharage. Mkewe alikuwa akiyapakua kwa mkono mzito.

Ushahidi wenyewe ulipatikana siku ya Ijumaa. Kamishna alipita mbele ya Sajenti akijilamba, na kwenye sharubu zake kulikuwa na punje ya wali. Nyumba ile siku hiyo ilikuwa na mtu mmoja tu aliyepika wali. Sajenti aliiokota punje kwa kibano cha nyusi cha mkewe, akaitia kwenye bahasha, akaandika tarehe. Watu walipokaa kula mchana, akaifungua bahasha katikati ya meza.

"Mama, hii ni nini?"

Mama mkwe aliinama kuitazama. "Punje ya wali."

"Imepatikana kwenye sharubu za Kamishna. Daftarini wali haumo."

Sajenti, ambaye kwa miaka yote aliyoiota siku kama hii alidhani itakuwa tamu, alijikuta akiikunjakunja bahasha tupu. Bibi mzee alisukuma sahani yake mbele.

"Kama nimekuwa mtu wa kulisha viumbe sumu katika nyumba ya mwanangu," alisema, "basi niambieni nifungashe."

Akanyanyuka, goti moja kwanza, la pili baadaye, akaelekea chumbani kwake akishika ukuta.

Mkewe aliweka kijiko mezani. "Kesho saa mbili asubuhi. Kwa daktari. Wewe, mimi na mbwa."

"Na mimi," sauti ilisikika kutoka chumbani. "Hukumu yangu nataka niisikie kwa masikio yangu mwenyewe."

Daktari wa mifugo alikuwa binti mwembamba aliyevaa mabuti ya mpira, wa kuzaliwa na Sajenti kabisa. Chumba chake kilinukia dawa ya kusafishia sakafu, na ukutani palikuwa na picha kubwa ya meno ya ng'ombe. Alimpima Kamishna uzito, akamminya tumbo, akamtazama ufizi, kisha akaomba daftari. Alilisoma ukurasa baada ya ukurasa, na kila alipoinua nyusi Sajenti alijinyoosha kidogo zaidi kwenye kiti.

"Mzee, sijawahi kuona kazi kama hii," alisema. "Umeandika hadi nzi."

"Saa saba na robo," alisema Sajenti. "Alimdaka akiruka."

"Sasa niambie. Akishaugua, mnampa nini?"

"Dawa."

"Dawa gani? Humu siioni."

"Daftari ni la chakula, daktari. Dawa si chakula."

"Sawa. Hiyo dawa ina nini ndani yake?"

Hapo Sajenti aliachia tabasamu, maana hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. "Nusu lita ya maziwa, yenye uvuguvugu. Yai bichi moja. Kijiko cha siagi kulainisha njia. Asubuhi na jioni mpaka apone."

"Na asipougua?"

"Asipougua namkinga. Ugonjwa hausubiriwi. Kila muuza maziwa anapopita namwekea kinga yake."

"Anapita lini?"

"Jumatano na—" alisema Sajenti, na sentensi ikamfia mdomoni.

Katika chumba kile yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa, na baadaye alitamani angekuwa wa mwisho. Daktari aligeuza daftari taratibu na kumwelekezea, kidole chake kikiwa kwenye ile safu ya tarehe. Akaeleza kwa upole kwamba mbwa wengi wakishakua matumbo yao hayawezi maziwa, na Kamishna ni mmoja wao; na ukishamwongezea siagi juu yake, ndiyo umemmaliza.

"Lile tumbo la kwanza, la jalalani, lingepona lenyewe kwa siku mbili. Haya mengine yote yaliyofuata..." Hakumalizia. Alikuwa amelelewa vizuri.

"Nimeyaleta mimi," alimalizia Sajenti.

Mkewe alikuwa ameigeukia ile picha ya meno ya ng'ombe na kuitazama kwa makini sana. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Kuna kitu kimoja kinanishangaza," aliendelea daktari. "Mwezi mzima na zaidi wa kuhara, ilibidi awe mifupa mitupu. Huyu hajakonda hivyo. Kuna mtu anampa kitu laini? Wali mtupu, kwa mfano?"

Kisha mama mkwe akajikohoza.

"Mimi," alisema, kwa sauti ya mtu anayekiri mbele ya hakimu. "Bila chumvi, bila mafuta. Kijiko kimoja kimoja, siku akiwa hajiwezi. Mwenye nyumba alikataza, lakini huyu alikuwa ananitazama."

"Basi ndiwe uliyemweka hai, bibi. Endelea hivyo hivyo."

Walirudi kwa miguu, kwa mwendo wa bibi mzee. Walipofika kwenye kona ya mtaa wao mke alisema amesahau kununua uzi, akaingia dukani ambako hakuwa na haja ya kuingia. Sajenti akabaki amesimama na mama mkwe wake, kamba ya mbwa mkononi.

"Mama, nimekukosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu jana," alisema mama mkwe. "Kuniuliza sikukasirika, ni kazi uliyoipenda. Ila ile bahasha, mwanangu. Kunitolea bahasha mbele ya chakula."

Sajenti alitazama viatu vyake. Akasema kwamba alikuwa halali vizuri. Kwamba kila mbwa alipojikunja kwenye kona yeye aliona kama ameshindwa zamu. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika mkono wa juu ili wavuke barabara, na magari yote yakasimama.

Muuza nyama hakuwa mwepesi kiasi hicho. Alimwacha Sajenti apange foleni saa ile bucha limejaa, na zamu yake ilipofika akamuuliza anataka nini.

"Nimekuja kusema kwamba nyama yako haina kosa."

"Wa nyuma hawajasikia."

Sajenti alirudia kwa ile sauti iliyokuwa ikisimamisha malori. Hata paka alitoka nje. Muuza nyama aliridhika, akamkatia kilo moja sehemu nzuri, na kumwongezea mfupa wa Kamishna bila kuulizwa. Sajenti aliupokea kwa mikono miwili.

Maziwa yalisitishwa, na tumbo likatulia. Karatasi ya jikoni ilitolewa na mke, ambaye aliitumia kukatia kielelezo cha kola. Shela lilifuliwa mara mbili na kurudishiwa shanga, na bibi harusi aliolewa nalo bila kujua yaliyolikuta.

Ila mambo hayakuishia hapo kwa Sajenti, kwa sababu mama mkwe alihamishia kiti chake chumba cha mbele, na wateja wanaosubiri kupimwa nguo walihitaji mazungumzo. Kisa alikisimulia chote tangu jalalani, na kila mteja alikipata kimenona kuliko aliyemtangulia. Katika toleo la juzi, foleni ya magari ilikuwa imefika hospitali, na Sajenti alikuwa amemfuata muuza maziwa na pingu. Sajenti mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, anawapigia pasi nguo zilizokwisha, akisikiliza. Alivumilia pingu. Alivumilia hospitali. Lakini bibi mzee alipofika kwenye dawa na kusema ndoo nzima ya maziwa, aliweka pasi kando.

"Nusu lita, Mama."

"Nusu lita, asubuhi na jioni," alisema mama mkwe, bila kumtazama, akimgeukia mteja. "Tusimdhulumu mbwa wa watu. Wewe endelea na pasi yako, mwanangu, hapo kwenye mkono kuna mkunjo."