Mirija Miwili Kwenye Chungu Kimoja

Mume wangu Frank alipopata likizo kwenye duka la vipuri anakouza, huko Tunduma, alisema safari hii hatuendi kukaa ndani. "Nakutembeza Sumbawanga kwa mdomo," aliniambia. "Kila penye moshi tunasimama."

Nilicheka. Sumbawanga naijua tangu utoto, maana mimi ni Mfipa wa Kaengesa. Lakini naijua kwa kuuza. Nilikuwa nakuja na mama na maharage yetu, tunakaa chini sokoni mpaka yaishe, tunarudi nyumbani na njaa ile ile tuliyokuja nayo. Harufu za migahawa nilizijua zote. Ladha sikujua hata moja.

Tulifikia Milanzi kwa dada yake, Asifiwe. Wazazi wao wako Izia, mji huo huo, lakini kwao nisingeweza kulala. Wakwe zangu ni Wanyakyusa, walihamia huku zamani kwa kazi ya serikali, na nyumba ile bado inashika mwiko wa kwao: mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe. Hamtazami usoni, hali naye, akimwona njiani anakwepa. Siku ya ndoa yetu niliinamisha kichwa tangu asubuhi mpaka sherehe ikaisha. Mimi ni mtu wa kutazama watu, ukoo mzima wa Frank naweza kukueleza mmoja mmoja anavyotembea. Baba mkwe, Mzee Ambakisye, peke yake sikuwahi kumwona uso.

Mama mkwe alikuwa ameniita Izia Jumapili, nikapike jikoni kwake kwa mara ya kwanza. Asifiwe hakunificha. "Wifi, mama bado hajakukubali. Alitaka kaka aoe kwetu. Jumapili ndiyo anakupima, usiniangushe."

Basi tukaanza kula mji. Karibu na stendi tulikunywa supu ya utumbo na chapati, mama lishe akamtania Frank kwamba mke wake anakula kwa adabu kama yuko msibani. Tukala mihogo ya kukaanga yenye chumvi na pilipili, tukaisindikiza na chai ya tangawizi kwa sababu baridi ilikuwa kali. Kwenye kibanda kimoja cha mabati tulipewa ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, nikaona aibu kidogo, kwa kuwa ugali ule nilikuwa naulipia mjini na mama yangu anausonga kila siku. Frank alilamba vidole. "Wa mama yako ni mtamu kuliko huu," alisema, nami nikampenda kwa neno hilo.

Ijumaa mchana akasema, "Sasa kimpumu."

"Si kanisani kwenu ni dhambi?"

"Kwetu ni dhambi. Mimi niko likizo."

Kimpumu ni pombe yetu ya ulezi. Chungu kinakuwa na machicha, unamiminiwa maji ya moto, unavuta kwa mrija, yakipungua unaongeza. Hatunywi kila mtu na chake. Mnaokaa pamoja, chungu chenu ni kimoja. Kwetu Wakatoliki mwanamke kunywa si ajabu, mama yangu hunywa akitoka shamba.

Kilabu cha Mama Fransiska kilikuwa nyuma ya soko. Frank aliishia mlangoni, akasema nitangulie, yeye anarudi barabarani kununua migebuka ya kuchoma. Ndani kulikuwa na giza la moshi. Kulikuwa na vijana wachache, na kwenye kona, mzee mmoja peke yake amevaa kofia ya sufu, ameupa mlango mgongo.

"Chungu chenye moto ni kile tu," Mama Fransiska alisema. "Kaa na mzee, nakuletea mrija."

Nikafanya kama nilivyofundwa. Nilipiga magoti, nikapiga makofi madogo. "Shikamoo, babu."

"Marahaba! Haya, huyu kafundwa," mzee alisema, akasogeza chungu kati yetu. "Wenzako wananisalimia mambo."

"Na wewe unawajibu poa, mzee!" kijana mmoja alipiga kelele kutoka benchi la pili. Alikuwa anaitwa Alois. "Dada, mwangalie huyo, akivuta anameza mpaka machicha!"

"Nyamaza, Alois, hata mrija wako umeukopa."

Tukacheka wote. Nilishika birika nikammiminia maji ya moto, taratibu, pembeni, yasimwagike. Akavuta. Nami nikavuta. Ilikuwa chachu na moto, ikashuka vizuri. Akaniuliza mimi ni wa wapi.

"Kaengesa, babu."

"Ah! Kijana wangu kaoa Kaengesa. Yuko Tunduma huko, anauza vipuri. Mama yao hana raha, anasema tumejitafutia uchawi wa radi wa Wafipa." Akacheka peke yake. "Mimi huyo mkwe sijamwona uso. Kwetu ni mwiko. Lakini nikikuona wewe ulivyo, nasema labda mtoto hakukosea."

Mrija ulikuwa bado mdomoni mwangu.

Sikuweza kumeza wala kutema. Kwetu, kumwacha mzee kwenye chungu bila kumuaga ni kumtukana. Na kumuaga ningemwambia nini? Nikitaja jina langu tu, nimemvua nguo mbele ya Alois na wenzake. Nikatazama chini, nikaona mirija yetu miwili imelala pamoja kwenye mdomo wa chungu. Nikauachia wangu.

"Mbona umeacha?" alisema kwa upole. "Vuta, mwanangu. Chungu hiki ni chetu."

Nikavuta. Nilishajua ni nani, nikavuta, kwa sababu mzee amesema. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Frank akatokea mlangoni na samaki kwenye karatasi. "Dominika, wahi wakiwa wa moto..." Kisha akaona kofia. "Baba?"

Mzee hakugeuka kwake. Alinitazama mimi, kitambo kidogo tu, halafu akashusha kofia mpaka machoni, akageukia ukuta. Nilijifunika kanga kichwa kizima, nikatoka nikijigonga kwenye mabenchi. Nyuma yangu Alois alikuwa anauliza, "Kwani kuna nini? Kuna nini?"

Nje, Frank alinifuata na samaki wake mkononi. "Hukumjua?"

"Sikumjua."

"Usimtaje, Dominika. Ni mzee wa kanisa. Wakisikia wanamvua uzee."

"Na mimi je?"

Akatazama samaki. "Wewe ni mgeni hapa. Watasahau."

Hawakusahau. Jumapili nilipoingia jikoni Izia, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, na sufuria haikuwa motoni. Nilipiga magoti. Salamu yangu hakuiitikia.

"Umeonekana unatoka kilabuni," alisema. "Mchana kweupe, unajifuta mdomo. Wanawake wa kanisani wameniambia ulikuwa na mzee, mko wawili na chungu chenu. Mzee gani?"

Frank alisimama mlangoni. Nilimngoja. Alijikuna shingo.

"Sikumtazama vizuri, mama," nilisema.

"Hukumtazama, lakini mate mmechangia! Frank, mchukue mwenzako umrudishe Kaengesa. Mwambie mama yake amalize kumfunda."

Frank alisema, "Mama, tafadhali," basi, akaishia hapo. Mimi nilikuwa nimepiga magoti bado, nalitazama jivu. Nilikuwa nawaza jinsi nitakavyoingia kwetu na begi, na mama akiniuliza, nitamjibu nini.

Upande wa pili wa ukuta, sebuleni, mtu akakohoa.

"Atusaye."

Mama mkwe akageuka kusikia jina lake. Sauti ile niliijua.

"Mzee huyo ni mimi," baba mkwe alisema kupitia ukuta. "Na yeye alikuwa ameshaacha. Aliuachia mrija. Mimi ndiye niliyemwambia avute."

Nilipata moto usoni mpaka masikioni. Kumbe aliona. Alijua nilipoacha, na alijua kwamba nilivuta tena nikiwa najua. Siku mbili zile nilikuwa natamani aseme, na aliposema nilitamani angenyamaza, nirudishwe Kaengesa, yaishe.

"Naenda kwa mchungaji," akaendelea, "kabla hajaniita."

Njia ya kutoka inapita mbele ya jikoni. Nilisikia viatu vyake, nikageukia ukuta na kujifunika. Akapita taratibu, akakohoa tena kama mtu anayetaka kusema neno, akaenda. Geti likagonga.

Sijui kama mama mkwe alikuwa analia, sikuinua macho. Mwisho akainuka, akabandika sufuria, akanisogezea mwiko.

"Songa ugali. Akirudi huko atakuwa na njaa."

Maji yalipochemka nikaanza kusonga. Frank aliingia, akainama anishikie sufuria isicheze.

Nikamwambia akae nje.