Kofia ya Mwenyekiti

Mama mkwe wangu tumeshamzika, lakini kila nikifungua friji la duka langu la dawa namsikia nyuma yangu: "Imefika?"

Anaulizia insulini yake. Rais aliposhusha bei ya dawa, mimi niliyemnyima kura nilisema wazi kwamba hapo kafanya jambo. Wenzangu wa upinzani wakaninunia. Wacha wanune! Kisha akapandisha ushuru wa bidhaa za nje, eti viwanda vya ndani vipumue. Kiwanda cha insulini hatuna. Waagizaji wakaacha kuileta, maana nani alete kwa hasara? Bango la bei mpya likabaki limebandikwa kwenye friji tupu.

Mume wangu ni mwenyekiti wa tawi la chama tawala, kada damudamu. "Subira, mke wangu, Rais anajua anachofanya."

"Sukari ya mama yako haina chama!" nilimjibu.

Mama akafa huku anauliza.

Tangu hapo mume wangu hapati usingizi. Anasema ndala za Mama zinaburuzika koridoni hadi mlangoni petu. Simcheki, maana nami nazisikia.

Jana kulikuwa na mkutano wa kumpongeza Rais. Pale tawini mwenyekiti akivua kofia, ukumbi mzima unapiga makofi. Ndiyo ishara yao miaka nenda rudi. Kabla ya kutoka aliniambia, "Leo nasema. Wakininyang'anya uenyekiti, basi. Labda Mama atapumzika." Jamani, nilimpenda upya.

Nilikaa viti vya nyuma. Akaanza: "Bei ya dawa Rais ameshusha, nampongeza. Lakini ushuru wake umezuia dawa yenyewe isiingie. Mama yangu amekufa akiisubiri. Tumwambie aondoe ushuru kwenye dawa."

Ukumbi ukawa kimya, hakuna hata aliyekohoa. Nikajua wamemsikia. Machozi yakamtoka, na kwa heshima ya mama yake, akavua kofia.

Lo! Makofi yakalipuka. Watu wakasimama, vigelegele juu. "Hapana! Nisikilizeni!" alipiga kelele akipunga mkono, na kofia ilikuwa mkononi humo humo. Wakazidisha. Katibu akadaka kipaza sauti: "Hoja ya kumpongeza Rais imepita!"

Nikainuka nimkimbilie mume wangu. Na hapo, katikati ya makofi yale, sikioni kwangu kabisa: "Imefika?"