Mmalize, Afande

Sanamu la plastiki lililazwa sakafuni katika ghala la supamaketi moja huko Ntinda, Kampala, na walinzi waliotafuta cheti cha huduma ya kwanza wakalipigia magoti mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, Oyat, mtoto wa askari kutoka Gulu, alikibonyeza kifua cha sanamu kama anayechelea kuliamsha.

"Papa Oyat, unabembeleza nani hapo?" aliuliza Marlène, muuguzi wa Bukavu aliyewafundisha. "Ule ni mchumba wako?"

Wenzake wakacheka.

"Naogopa kumvunja mbavu, mama."

"Mbavu zitalia. Ziache zilie. Moyo umesimama, papa, huyu ni maiti tayari. Utamuumiza nini tena?"

Kelele za nje zikawakatiza. "Mubbi! Mwizi!" Waendesha bodaboda walikuwa wamemkamata mwanamume aliyevunja kufuli la pikipiki kwenye maegesho. Oyat alipofika, walikwisha kumvua shati. Spana ilimpasua kipaji cha uso, buti zikamkanyaga mikono hadi vidole vikapinda. Mmoja wao alikuwa akibingirisha tairi kuukuu la kumchomea. Kisha tofali likampiga katikati ya kifua, naye akaanguka chali, asijikunje wala kujikinga tena. Alikuwa ameacha kupumua.

Oyat alijipenyeza, akapiga magoti, akaweka viganja kifuani, akabonyeza. Chini ya mikono yake ubavu ulilia, mlio mkavu kama wa ufito unaovunjwa. Umati ukashangilia.

"Mmalize, afande! Mmalize!"

Hapo akatambua walichokuwa wakikiona: sare, uzito wa mwili mzima, mbavu zikivunjika. Angesema anamwokoa, lile tairi lingewatosha wote wawili. Akakaza viwiko, akatumia Kiswahili cha kambi za jeshi, lugha ambayo wengi jijini Kampala waliifahamu kwanza kwa woga.

"Rudi nyuma! Huyu ni wangu! Mbwa wewe! Mwizi wewe!"

Wakarudi nyuma. Kwa kila tusi alikishindilia kifua, na kwa kila mshindilio wakapiga makofi, wakimshikia mdundo pasipo kujua. Ubavu mwingine ukavunjika. Damu ilimtoka yule mtu puani, ikatapakaa mikononi mwa Oyat. Hatimaye kifua kikainuka chenyewe, na pumzi nyembamba, yenye povu, ikapita.

"Amekufa?" aliuliza mwenye tairi, akikaribia.

"Amekufa."

"Basi tumchome."

Marlène alikuwa amefika. Aliutazama mshipa wa shingo ukipiga, akamtazama Oyat, kisha akafungua kitenge chake, akamfunika yule mtu mpaka usoni, akajitupa juu yake na kupiga yowe la msiba.

"Mumeua ndugu yangu! Nani atamuzika? Wewe wa tairi, utamuzika wewe?"

Makofi yakakoma. Umati ulio tayari kuua hauwi tayari kwa matanga. Mmoja akawasha pikipiki, wengine wakamfuata. Mwenye tairi alibaki amesimama.

Chini ya kitenge sauti ikanong'ona.

"Basi, afande. Nisamehe. Usinipige tena."

Marlène akazidisha yowe. Mwenye tairi akaliacha tairi lake, akaondoka, akigeuka nyuma mara kwa mara. Oyat alitamani kumjibu yule mtu neno la upole. Badala yake aliukunja uso, akaendelea kumtukana kwa sauti iliyozidi kushuka, vidole vyake vikiwa juu ya mshipa, mpaka pikapu ya supamaketi ya kwenda hospitali ya Mulago ilipowafikia.